Aliyepiga kelele tulimshika, aliyenyamaza tukampoteza: kisa cha kikao kimoja cha waacha pombe Lubumbashi

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha kundi letu la watu wanaoacha pombe, mjini Lubumbashi. Nimebadilisha umri, kazi na komini (sehemu ya jiji anapokaa mtu), na mwezi sitautaja. Mwanaume nitakayemwita Fundi alisomewa maandishi haya yote akayakubali. Mama nitakayemwita Mgeni aliulizwa kupitia rafiki yake, naye akaruhusu kwa sharti moja: nisitaje mahali anapouzia. Kuhusu kupika lutuku alisema nitaje tu, maana wanaopika lutuku katika jiji hili ni wengi na yeye ni mmoja wao.

Ninawaandikia hasa wenzangu wanaoendesha vikao kama hivi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu siku hiyo, kwa hiyo makosa mengi yatakayosomwa hapa chini ni yangu.

Usuli

Tulianza watu watatu chini ya mwembe. Sasa tunakutana kila Jumamosi saa tisa na nusu alasiri katika darasa la shule ya watoto wadogo tunaloazimwa. Wanaokuja mara kwa mara ni 14, wanaume 11 na wanawake 3. Viti ni vya watoto. Mtu mzima akivikalia, magoti yanamfika kifuani, na kuinuka ni kazi. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lina nafasi yake katika kisa hiki.

Hakuna ofisi iliyo juu yetu. Kwa sehemu kubwa tunafuata desturi za Alcoholics Anonymous, ule umoja wa watu wanaoacha pombe ulioanzia Akron, Ohio, nchini Marekani, mwaka 1935. Desturi zao 12 zilipitishwa mwaka 1950 katika mkutano wa Cleveland, na ya tatu inasema kwamba sharti pekee la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa. Sisi tunaisema hivi: anayetaka kuacha ana kiti. Ya saba inataka kundi lijitegemee, ndiyo maana tuna kopo la maziwa ya unga ambamo kila mtu hutia alichonacho, na asiye nacho hulipitisha kwa jirani bila kuulizwa.

Kwa wasomaji wa mbali, lutuku ni pombe kali inayokenekwa kwa mahindi na mihogo. Ni jamaa ya gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Inapikwa nyuma ya nyumba, inauzwa kwa kipimo kidogo, na mara nyingi anayeipika ni mama anayetafuta ada ya shule na unga wa bukari, yaani ugali. Biashara hiyo ina mtego wake: mpishi lazima aonje ili ajue ukali. Wako walioanza kwa kuonja.

Kanuni zetu zilikuwa nne, zikisemwa kwa mdomo mwanzoni mwa kila kikao: kinachosemwa hapa kinabaki hapa, kila mtu aseme yake, tusikatizane, tusihukumiane. Hatukuwa na neno lolote kuhusu mtu anayefika akiwa amelewa. Kwa miaka mitatu iliyotangulia halikuwa limetokea, tukadhani halitatokea.

Jumamosi ile

Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa nane. Tulikuwa watu tisa. Wanawake wetu wawili walikuwa wamezuiwa na mvua, na wa tatu, ambaye ni muuguzi, alikuwa kazini. Mgeni alikuja, mara yake ya pili. Mara ya kwanza alikuwa amekaa karibu na mlango bila kusema hata jina. Siku hiyo alikaa ndani zaidi, karibu na ubao, kwa sababu viti vya mlangoni vilikuwa vimelowa.

Zamu yake ilipofika alisema. Alianza polepole, macho yakiwa kwenye mikono yake. Alisema ana watoto wanne, anawalipia masomo kwa kazi ya mikono yake, na kwamba kazi hiyohiyo ndiyo inayomuua. Hakuitaja. Mvua ilikuwa inapiga mabati, tukainama mbele wote ili tumsikie. Nimeendesha vikao vingi, na najua sauti ya mtu anayetoa jambo kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa sauti hiyo.

Hapo mlango ukasukumwa. Fundi aliingia akiwa amelowa mwili mzima, harufu ikimtangulia. Jirani yake mmoja, mwenzetu, alikuwa amemwalika wiki iliyopita. Alisimama akiyumba, akatutazama mmoja mmoja, jicho likamfikia Mgeni. Akacheka, akamnyooshea kidole:

“Ee! Huyu mama njo anatupikiaka! Weye unatuuzisha, kisha unakuja kulia apa?”

Wanaume wawili wakacheka. Hawakucheka sana, na sidhani walikuwa na nia mbaya, maana kicheko kingine humtoka mtu kwa kushtuka. Mimi niliinuka haraka kwenda kwa Fundi. Yaya (kwetu maana yake ni kaka mkubwa), mzee wetu aliyeacha miaka saba iliyopita, akaniwahi. Alimshika Fundi mkono kwa upole akamwambia: “Baba, karibu. Kala apa pembeni yangu. Leo utasikia tu, kusema ni Posho ingine.” Posho kwetu ni Jumamosi. Fundi akabisha, “Miye siko mulevi!”, Yaya akamjibu kwamba hakuna aliyemwita hivyo. Wakatoka wawili hadi barazani, wakakaa. Mtu mmoja akawapelekea maji na mkate. Baada ya robo saa Fundi alikuwa analia begani kwa Yaya.

Nilipogeuka, kiti cha Mgeni kilikuwa kitupu. Alikuwa amepita kati ya magoti ya watu wanne kuufikia mlango, na hakuna aliyemwona akipita, maana wote tulikuwa tunatazama barazani. Aliacha mwavuli wake umeegemea ukuta.

Tuliendelea. Mwisho wa kikao Fundi alirudishwa ndani akiwa ametulia, na mmoja wetu, kwa furaha, akamtaka aape mbele ya wote kwamba kuanzia saa ile hatagusa hata tone. Akaapa. Tukapiga makofi.

Siku mbili zilizofuata

Fundi alishika kiapo chake. Jumapili asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe cha chai. Alitoka jasho kutwa, hakula, usiku hakulala. Mke wake alidhani ni malaria. Jumatatu, saa kumi alfajiri, Fundi alianguka. Mke alimpigia Yaya simu: “Yaya, ameanguka, anatetemeka mwili yote, macho inageuka!” Nyuma yake zilisikika sauti za majirani, mmoja akisema ni ulozi, mwingine akitaka apelekwe chumba cha maombi.

Yaya alimpigia muuguzi wetu. Maagizo yake yalikuwa mafupi: alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali sasa hivi, na wanaompokea waambiwe waziwazi kwamba alikuwa anakunywa kila siku na aliacha Jumamosi. Akaongeza: kabla hawajamtundikia serumu ya sukari, yaani maji ya sukari ya mshipani, waulizwe kuhusu vitamini B1.

Tulitoa fedha zote za kopo kwa malipo ya kwanza. Alipewa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, na hiyo vitamini. Jumanne aliona siafu wakipanda ukutani, akawa anawatoa kwenye shuka mmoja baada ya mwingine, na hakukuwa na siafu hata mmoja. Alirudi nyumbani baada ya siku tano.

Maamuzi, na sababu zake

Kumpokea Fundi badala ya kumfukuza. Yaya ndiye aliyeamua, kwa sekunde mbili, na aliniambia baadaye sababu yake: siku yake ya kwanza yeye mwenyewe alikuja amelewa, kwa kuwa mzima asingethubutu kuja. Mtu anayetaka kuacha hujileta jinsi alivyo.

Kumtoa barazani badala ya kumwacha katikati. Hapa tuliwafikiria wengine. Kuna mwenzetu aliyekuwa na siku 11 tu tangu aache, na harufu ile peke yake ilikuwa jaribu kwake.

Kutomfuata Mgeni. Nimejiuliza sana juu ya hili. Ukweli ni kwamba uamuzi huo haukuwahi kufanywa. Nilipoona kiti kitupu nilijiambia mambo matatu kwa mpigo: mvua ni kubwa, atarudi Jumamosi ijayo, na mwanaume akionekana akimkimbilia mama wa watu barabarani, maneno yatampata yeye. La tatu lilikuwa na uzito. Mawili ya kwanza yalikuwa visingizio.

Kiapo. Hakuna aliyefikiri kwamba ni uamuzi. Tulikiona kama baraka.

Matokeo

Fundi yuko. Alirudi baada ya wiki tatu, mwembamba, akaomba kusema. Hakumbuki alichomwambia Mgeni. Tulipomweleza, aliinamisha kichwa muda mrefu.

Mgeni hajarudi. Tulijadiliana kama tumtembelee nyumbani, tukakataa: hatukuwa na haki ya kufika kwake watu wa kundi la pombe, mbele ya majirani na wateja wake. Rafiki yake, aliyemleta mara ya kwanza, ndiye aliyempelekea mwavuli na salamu zetu. Jibu lilirudi na rafiki huyohuyo:

“Ubaambie nilisikia namna balicheka.”

Hakusema neno juu ya Fundi.

Uchambuzi

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Sisi tulikuwa tumelihesabu tukio lote kuwa ni la Fundi: aliyeingia amelewa, aliyetulizwa, aliyeapa, aliyeanguka, aliyepona. Kwa Mgeni, mlevi aliyeropoka hakuwa jambo geni. Anawahudumia watu kama yeye kila siku, na matusi yao anayajua. Lililomwondoa ni kicheko cha watu wenye akili timamu, wale waliotangaza nusu saa kabla kwamba hapa hatuhukumiani.

Kilichofaa kilifaa kweli, na sitaki kukipunguza. Namna Yaya alivyompokea Fundi ningependa kila mwendeshaji aijue kwa moyo. Hakumwita mlevi, na hakubishana naye kama amekunywa au hajanywa. Alimpa mahali pa kukaa, alimwambia jambo moja tu la kufanya, tena alimpa ahadi ya zamu ya kusema. Alikaa naye mwenyewe. Kumwambia mtu aliyelewa “toka nje” na kumwambia “twende tukae nje” ni mambo mawili yasiyokutana.

Lakini tazama hesabu ya nguvu zetu dakika ile. Yaya, mimi, na mwenzetu wa maji na mkate: watu watatu kwa Fundi. Kwa Mgeni, hakuna. Kelele huvuta watu kama moto unavyovuta wadudu. Mwendeshaji asipojifunza kugeuza kichwa chake upande usio na kelele, kikao kitakuwa salama kwa wenye sauti tu. Siku ile Yaya alikuwa tayari ana Fundi mikononi. Kazi yangu ilikuwa kugeuka, kusimama kati ya Mgeni na mlango, na kusema kwa sauti ya kusikika na wote: “Mama, samahani. Alichosema hakikubaliki hapa, na kicheko pia hakikubaliki. Kiti chako ni chako.” Sentensi tatu. Mvua na yote, angesikia.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu miji yetu. Kanuni ya “kinachosemwa hapa kinabaki hapa” tuliichukua kama ilivyo, nayo ni nzuri, lakini inadhani kwamba watu wanaingia bila kujuana. Lubumbashi ni jiji kubwa, ila komini ni kijiji. Ninayekaa naye kwenye kikao ni fundi wa jirani, ni mteja wa shangazi, tulibatizwa parokia moja. Huku kwetu mtu hawezi kuahidiwa kwamba hatajulikana. Anachoweza kuahidiwa ni kwamba wanaomjua watanyamaza, ndani ya chumba kama nje ya chumba. Sisi tulikuwa tumelinda mlango wa kutokea tu. Kumtambulisha mtu mbele ya kundi, kutaja kazi yake, ukoo wake au mtaa wake kabla yeye hajautaja, ni kuvunja siri hata kama hakuna neno lililotoka nje ya kuta.

Tuliulizana pia swali gumu zaidi: je, anayepika lutuku ana haki ya kiti? Wako waliosema hapana, kwamba ni sawa na kumkaribisha mwizi kwenye kikao cha walioibiwa. Ninauelewa uchungu wao. Mmoja wao alimzika kaka yake kwa sababu ya kinywaji hicho. Lakini Desturi ya tatu haiulizi mtu anakula kwa kazi gani, na mama anayekaa na sufuria ya lutuku tangu alfajiri huku akitaka kuacha, kati yetu sote ndiye mwenye safari ndefu kuliko yeyote. Tulikubaliana kwa kura saba dhidi ya mbili. Nasikitika tuliamua hayo baada ya yeye kuondoka.

Sasa kiapo. Hapa tulikaribia kumuua mtu kwa makofi. Mwili wa mtu anayekunywa sana kila siku umezoea kufanya kazi chini ya uzito wa pombe. Pombe inautuliza ubongo, nao ubongo unajibu kwa kusukuma upande wa pili. Ni kama mtu anayeegemea mlango kwa nguvu zote: ukifunguliwa ghafla, anaanguka kifudifudi. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Fundi alianguka saa 37 hivi baadaye, kwa kuwa alikunywa mara ya mwisho kama saa tisa Jumamosi. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo hufuata siku ya pili hadi ya nne, na bila matibabu kunaweza kuua. Ndiyo siafu wa Jumanne. Majirani waliosema ni ulozi hawakuwa wajinga, waliona jambo la kutisha wakalitafutia jina walilokuwa nalo. Jina lingine lilipaswa kutoka kwetu.

Na jambo la serumu pia litunzwe. Wanywaji wa muda mrefu mara nyingi wameishiwa vitamini B1, na kuwapa sukari ya mshipani bila hiyo kunaweza kuwaharibu ubongo.

Hata waanzilishi wa Alcoholics Anonymous walilijua jambo la kutetemeka. Mwaka 1935, Bill, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikaa Akron na Dr. Bob, daktari wa upasuaji aliyekuwa ametoka tu kulewa tena. Asubuhi ya tarehe 10 Juni, Bob akiwa na upasuaji wa kufanya na mikono yake ikitetemeka, Bill ndiye aliyempa chupa moja ya bia ili itulie. Ikawa pombe ya mwisho ya Bob maishani, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa umoja wote. Sisemi tuwape watu bia, wala daktari asiingie chumba cha upasuaji baada ya bia. Nasema mtu yule aliyetamani rafiki yake aache kuliko kitu chochote hakumdai kiapo asubuhi ile. Alitazama mikono kwanza.

Tulichobadilisha

Kila mgeni anayesema anataka kuacha huulizwa faraghani na Yaya au muuguzi: unakunywa kila siku? Asubuhi mikono inatetemeka hadi unywe? Uliwahi kuanguka, au kuona vitu, ulipokosa pombe? Mara ya mwisho ni lini? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya matatu ya kwanza, tunamwambia asiache ghafla akiwa peke yake, tunampeleka kwa daktari kabla ya yote. Viapo tumeviondoa. Sehemu ya kopo haiguswi, ni ya hospitali.

Aliyekunywa anakaa, hasemi, na mtu mmoja anakaa naye barazani. Mmoja tu. Kila Jumamosi tunamtaja mapema mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama waliobaki, na akiinuka mwanamke kuondoka, mwanamke ndiye anayemfuata. Siku wasipokuwepo wanawake wetu, mmoja wao anakaa na simu wazi. Tumeazima viti sita vya watu wazima, na vitatu viko karibu na mlango, vikavu.

Wanawake wetu watatu wameanzisha kikao chao cha Jumatano asubuhi, baada ya watoto kwenda masomo. Sasa wako watano. Mgeni ametumiwa habari, hajajibu.

Mmoja wa wale wawili waliocheka ameomba apelekewe Mgeni samahani yake. Ameiandika kwenye karatasi ya daftari, mistari minne, bila jina lake wala la mama yule, ili ikianguka njiani isimdhuru mtu. Ninayo kwenye begi langu wiki ya pili sasa. Rafiki yake anasema nisubiri, atanijulisha kama mama anataka kuipokea.